Sakafu ya Zizi kwenye Ngazi Zetu

Nimechoka. Nalisema hilo mwanzo kabisa ili mtu asidhani nasimulia haya kwa raha zangu. Aliyesema kuchagua sakafu ni kazi nyepesi, kwamba unaangalia rangi, unalipa, unaondoka, mimi namtafuta mpaka leo nimpe majibu yake.

Nyumba yetu ipo Dongobesh, barabarani kabisa, ghorofa moja. Usisikie neno ghorofa ukadhani ni jumba. Chini ni duka la nguo: vitenge, kanga, mashuka, sare za wanafunzi shule zikikaribia kufunguliwa. Nyuma ya duka kuna stoo. Juu ni vyumba vyetu vya kulala, jiko, choo, na korido ndefu inayopita mbele ya vyumba vyote. Baba mkwe wangu alikuja huku kutoka Kondoa na mzigo wa nguo begani, akaanza kwa kutandika turubai siku za mnada, na alipopata uwezo wa kujenga akajenga kwa akili ya mfanyabiashara: chini bidhaa, juu watu. Katikati ngazi.

Ngazi zenyewe zilikuwa za saruji nyekundu, zinapanda kwa mkupuo mmoja, hakuna pa kupumzikia. Miaka yote sikuzifikiria. Nani anafikiria ngazi? Nimezipanda na ndoo za maji, nimezipanda na mimba, nimezipanda na mtoto mgongoni na sufuria ya uji mkononi. Kilichonifundisha kwamba nina ngazi ndani ya nyumba ni kiharusi cha mume wangu.

Kilimkuta dukani akiwa anakata kitambaa cha mteja. Upande wa kushoto ulilegea. Mkono ukawa unaning'inia, mguu ukawa wa kuburuta, na maneno yakapotea yote. Baadaye yalirudi, lakini kwa ubahili mkubwa. Mwanamume aliyekuwa akibishana bei na watu wa mnadani mpaka wanacheka wenyewe na kulipa, sasa anatoa neno moja, ananyamaza, jasho linamtoka, halafu la pili linakuja au haliji. Mkae mumsubiri. Ukimsaidia kumalizia, anakasirika, na akikasirika hata lile alilokuwa nalo linamtoka.

Akiwa bado hospitali, watu walishaanza kunipangia. Binti yetu mkubwa yuko Arusha, ana kazi yake huko, na siku zile simu yake ilikuwa haikauki. Wifi yangu, dada wa mume wangu, anaishi nyumba inayopakana na yetu, na mdomo wake hauna breki. Hawa wawili maishani mwao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, ila hili walikubaliana: baba ashushwe stoo. Tutoe marobota, tupake chokaa, tuweke kitanda. Atakuwa karibu na choo cha nje, karibu na mlango, karibu na watu. Kwa akili za kawaida walikuwa sahihi, na ndiyo maana walinichosha.

Maana wao hawakuwepo mume wangu alipolisikia hilo. Mimi nilikuwepo. Nilimwambia pale kitandani, taratibu, nikiwa nimemshika ule mkono mzima, kwamba wanafikiria kumweka stoo. Akanikazia macho. Mdomo ukahangaika. Akasema, "Stoo." Nikasubiri. "Hapana."

Ilibidi niwaeleze hawa watu ambao walipaswa kujua kuliko mimi. Baba yake alipozidiwa, aliwekwa stoo. Ni kweli walimtunza vizuri, hakuna aliyemnyima kitu. Lakini alishuka ngazi kwa miguu yake akisema ni kwa siku chache tu, na hakupanda tena. Alitoka mle amebebwa. Mume wangu ndiye aliyemshika mkono siku ile anashuka. Kwa hiyo kwake yeye stoo haikuwa chumba. Nikawaambia, huyu akiingia mle ndani kwa kulazimishwa, mnamwambia afe. Binti akalia kwenye simu. Wifi akasema, "Haya, mpandishe. Ila mimi simo."

Kumbe alikuwemo sana.

Siku ya kumtoa hospitali mimi nilikwenda kumchukua, nikamwachia wifi nyumba. Sasa, kwa watu wetu mgonjwa akirudi anapokelewa kwa nyumba kung'aa. Mnajua wenyewe sakafu nyekundu inavyong'arishwa: unayeyusha mishumaa kwenye mafuta ya taa, unapaka, unaacha ishike, halafu unasugua na kitambaa cha sufu mpaka jasho likutoke. Wifi alisugua ngazi zote, kutoka ya chini mpaka ya juu, na korido nzima mpaka mlango wa chumba chetu. Alifanya peke yake, kwa mikono yake, kwa mapenzi ya kaka yake. Tulipofika, ngazi zilikuwa zinameremeta. Majirani waliokuja kutupokea wakapiga vigelegele. Nami nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilimwambia asante.

Tulivua viatu chini kama kawaida, kwa sababu juu kwetu hakupandi kiatu. Udongo wa huku mvua ikinyesha unang'ang'ania kama gundi, na isitoshe korido ndiko tunakosalia. Tukaanza kupanda. Wifi mbele anamvuta mkono mzima, mimi nyuma namsukuma kiunoni. Tukakaribia juu kabisa. Ule mguu usio na habari ukakanyaga nta ya mishumaa, ukaondoka wenyewe. Sikuona vizuri kilichofuata. Najua tulishuka wote wawili, yeye juu yangu, na kilichotusimamisha ni magoti yangu kwenye kona za saruji. Yeye hakuumia hata kidogo, ukiacha kutetemeka. Mimi magoti yalivimba yakawa kama mabuyu. Wifi akabaki amesimama juu ameshika kichwa, anasema, "Mimi nilitaka apendeze! Mimi nilitaka apendeze!"

Nilikuwa na maneno, tena mazuri, lakini sikuwa na pumzi.

Basi simu ya Arusha ikalia. "Mama, mwisho wa ubishi. Ashushwe." Nikamwambia, nisikilize mwanangu, nipe nafasi ya kubadilisha sakafu. Ngazi na korido. Nikiweka sakafu ambayo baba yako anaweza kutembea juu yake mwenyewe, anabaki juu chumbani kwake. Nikishindwa, nitamshusha stoo kwa mikono yangu na sitamlaumu mtu. Akasema sawa. Hivyo ndivyo nilivyojitia kwenye mambo ya sakafu.

Jamani. Sikujua kwamba duniani kuna sakafu nyingi hivyo, wala kwamba kila mtu ana yake anayoifia.

Nilianza na tailizi kwa sababu ndiyo fasheni. Siku hizi huku ukijenga bila tailizi watu wanakuonea huruma. Nikaenda Mbulu mjini, dukani, kijana akanishushia boksi moja baada ya jingine. "Shikamoo mama. Mama chukua hii, hii ni moto. Ukitembea juu yake unajiona kama kwenye kioo." Nikamwambia marahaba mwanangu, mume wangu siku hizi hataki kujiona. Hakunielewa, akaendelea kupangusa ile tailizi kwa kiganja ili izidi kung'aa. Nikamwomba isiyoteleza. Akanionyesha zile zenye mikwaruzo, za kuweka kibarazani, huku akinitahadharisha: "Lakini mama, hizi ni za nje. Ukiweka ndani, tena ghorofani, watu watasema umeishiwa." Nikasema waache waseme, nipe kipande nikajaribu.

Nyumbani nikakilaza kile kipande sakafuni, nikamsimamisha mume wangu juu yake bila kiatu. Akashtuka. Baridi. Huku kwetu ukungu ukishuka miezi ile ya katikati ya mwaka, hata ukuta unatetemeka, sembuse tailizi. Mguu mzima ukawa unaikimbia ile baridi, na ule mwingine hausikii kitu. Mtu akawa amesimamia mguu mmoja unaokimbia na mmoja uliolala. Nikakitoa. Nikamvisha soksi ili asisikie baridi, nikakirudisha. Soksi ikateleza. Nikakitupa uani, na hadi leo wifi anaweka chungu juu yake.

Zulia lilikuwa ushauri wa majirani. Laini, la joto, ukianguka huumii. Hili nilikataa bila kulieleza, na waliponisonga nikasema nina mafua ya vumbi. Ukweli ni mwingine. Mume wangu usiku alikuwa anaamka kwenda choo, korido ni ndefu, mguu unaburuzwa, na mara nyingine hakuwahi. Nilikuwa nafuta kimya kimya kabla hakujapambazuka, naye analala amegeukia ukutani akijifanya hasikii dekio. Zulia unalifutaje? Lingenuka, na mahali pale ndipo anaposali. Mtu aliyekuwa anakaa safu ya mbele msikitini, useme atandike mswala juu ya zulia ambalo hana hakika nalo? Angeacha kusali, na angeacha bila kusema. Nilitaka sakafu ambayo ndoo moja ya maji ikipita inakuwa twahara, basi, mambo yameisha, hakuna aliyeona.

Kapeti la plastiki nalo linanyanyuka pembeni. Kidole cha mguu wa kuburuta kinaingia chini yake kama kimeitwa.

Binti akawa ananitumia picha kwenye simu. Ngazi za mbao za watu wa huko nje, kila ngazi ina taa yake chini, ukutani michoro. Nilizitazama sana zile picha. Hazina hata mtu mmoja. Hakuna mzee, hakuna mtoto, hakuna mama aliyebeba beseni. Ngazi tupu zinapendeza, nani amekataa? Nikamjibu, nimeziona mwanangu, nzuri. Halafu nikalala na nguo zangu.

Jibu nililipata kwenye zizi, na siyo maneno ya kupamba. Asubuhi huwa nachukua maziwa kwa jirani, Mwiraqw mmoja anayefuga ng'ombe wa kisasa nyuma ya nyumba. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha, nimesimama na kidumu changu, magoti yananiuma, nimekasirika bila sababu. Akamtoa ng'ombe nje. Ng'ombe mkubwa, chuchu zimejaa, mwili kama kabati, anashuka kwenye mteremko wa saruji iliyolowa maji na kinyesi juu. Nikashika moyo. Yule mnyama akashuka taratibu, anatafuna, hana habari. Nikainama kuangalia. Saruji ilikuwa imechorwa mistari, mistari mizito ya kukatiza, ilichorwa ikiwa mbichi. Nikamuuliza jirani. Akanishangaa, akasema, "Mama, sakafu ya ng'ombe wa maziwa lazima ichorwe. Akianguka huyu, si umefilisika?"

Nilirudi nyumbani nimesahau maziwa.

Fundi nilimpata kutoka kijiji cha Daudi, mtu mzima, mchapakazi, amejenga nyumba nyingi za maana na anajua kwamba amejenga nyumba nyingi za maana. Alipanda, akapima, akagonga ngazi kwa nyundo, akasema saruji ya chini bado nzima, ni kuchimba kidogo juu na kuweka mpya. Nikamwambia ninavyotaka. Ngazi: saruji, zichorwe mistari kama ya banda la ng'ombe, ila mistari iwe ya karibukaribu na isiwe na ncha. Korido: saruji laini, ipigwe niru, ile saruji tupu ya kumalizia, lakini isisuguliwe mpaka ing'ae. Mguu wake juu unahitaji kuburuzika bila kukwama, na kwenye ngazi unahitaji kushikwa.

Akaweka kalamu yake sikioni. "Mama, samahani. Hii ni nyumba ya watu au?"

"Ya watu."

"Mimi zizi najenga, sikatai. Lakini nikijenga zizi, najenga kwenye zizi. Watu wakipanda hapa wataniuliza nani amefanya hii kazi. Nitasema nini?"

"Sema ni mwendawazimu mmoja wa Dongobesh alikulazimisha."

"Basi tuweke tailizi, halafu tubandike ule utepe mweusi wa kuzuia..."

"Baba," nikamwambia, "nimechoka. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Ukitaka kunichorea mistari, chora. Usipotaka, nenda, nitachora mwenyewe na uma wa kulia wali."

Akanitazama, akatazama magoti yangu yaliyofungwa vitambaa, akasema sawa mama, kesho naleta mchanga.

Wifi aliposikia, loo! Alipanda juu bila hata kugonga. "Makubwa haya! Umemwekea kaka yangu sakafu ya zizi? Nyumba aliyojenga baba? Watu watatucheka mpaka Katesh kwenu!" Mimi Katesh ndiko nilikozaliwa, na wifi akikasirika Katesh lazima iingie. Nikamwambia aende akamuulize mwenyewe. Akaenda, akamwinamia kaka yake pale kitini, akamsemea sikioni kana kwamba kiharusi ni uziwi: "Kaka! Mkeo anakuwekea sakafu ya ng'ombe!"

Mume wangu akamtazama. Mdomo ukahangaika muda mrefu, tukasubiri wote.

"Nyasi," akasema. Akapumzika. "Ziko wapi?"

Kisha akacheka. Tangu augue sikuwahi kumsikia akicheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha upande mmoja wa mdomo, mate yanamtoka, na mimi nilikwenda jikoni nikafungulia bomba ili walio nje wasinisikie ninavyolia. Wifi naye alicheka mpaka akakaa chini. Kuanzia hapo neno zizi likahalalishwa kwetu.

Siku za kazi tulihamia kwa wifi, sebuleni kwake, maana hakuna pa kupita. Sina hamu ya kuzisimulia. Fundi anachimba huku, wifi anaongea huku, redio inaongea pale. Mume wangu analala kwenye kochi, mimi chini kwenye mkeka, na kila asubuhi nakwenda kumwagia maji ile saruji isije ikapasuka. Vyuma vya kushikilia vilichomelewa pande zote mbili, hilo halikuwa na ubishi. Fundi alipomaliza alipanda na kushuka mwenyewe mara kadhaa, bila viatu, akasema, "Inashika, mama." Lakini alinisihi nisimtaje jina. Ndiyo maana simtaji.

Nikamwita wifi kando. Nikamwambia, wifi yangu, siku nikiuona mshumaa ndani ya nyumba yangu, ujue umeme umekatika. Akaapa.

Siku ya kupanda, nilitaka asiwepo mtu, wakajaa. Mume wangu akavua viatu, akashika chuma, akaweka mguu mzima. Halafu akauvuta ule mwingine, ukagusa mistari, ukakaa. Nilikuwa nyuma yake nimetanua mikono kama golikipa. Akaongeza. Ukakaa tena. Alipanda ngazi zote, anahema kama mashine ya kusaga, hakuteleza hata mara moja. Juu kwenye korido ule mguu ukaanza kuburuzika vizuri, shwaa, shwaa, mpaka chumbani kwetu. Akakaa kitandani kwake. Akapiga godoro kwa kiganja. Nikampigia binti yetu simu, nikamwambia, baba yako yuko juu, na amepanda mwenyewe.

Kwa hiyo nilishinda. Naomba ieleweke hivyo. Ile sakafu ilifanya kazi niliyoitaka, na hata sasa hakuna atakayenionyesha bora kuliko ile.

Alikuwa anashuka asubuhi kukaa dukani, maana duka ndiyo dawa yake. Adhuhuri anapanda kusali na kula. Alasiri anashuka. Jioni anapanda. Hakuwa anahitaji kushikwa. Lakini mimi ningemwachaje? Akipanda niko nyuma yake. Akishuka niko mbele yake, nashuka kinyumenyume, namtazama usoni, mikono nimeitanua. Kila siku hivyo, na bado sijahesabu za kwangu za chai, dawa, simu, mteja. Magoti hayakuwahi kupona. Niliyafunga kwa vipande vya kanga ndani ya gauni, na nikifika juu nilikuwa naegemea ukuta kidogo, najifanya natafuta kitu. Hakuna niliyemwambia. Ningemwambia nani? Mimi ndiye niliyesema sakafu ndiyo shida.

Ilikuwa siku ya mnada, adhuhuri, mvua ya manyunyu na baridi kali. Wateja walikuwa wengi, wifi amekuja kunisaidia kupima vitambaa. Mume wangu yuko kwenye kiti chake chini ya ngazi. Nikamwendea, nikamwambia haya mzee, twende tukapande. Hakusogea.

"Shuka," akasema.

Nikajua ni baridi. Nikavuta shuka jekundu kwenye rafu, nikamfunika mabega. Akalivuta kwa mkono mzima, akaliangusha chini.

"Shuka."

"Nzito zaidi? Ngoja nikupe la sufu." Nikaleta jingine, la bei, nikamfunika. Akaliangusha nalo. Mteja mmoja akatugeukia. Nikaanza kupandwa na hasira. "Sasa unataka shuka gani, mzee? Duka zima ni mashuka!"

Akafumba macho, akakusanya nguvu. Akanyoosha kidole kwangu. Akakipeleka juu, kule ngazi zinakoishia. Akakishusha polepole mpaka kwenye mlango wa stoo. "Shuka," akasema. Hakuwa anaomba. Alikuwa ananiambia.

Nilimfokea mgonjwa, Mungu anisamehe. Mbele ya watu. Nikamwambia, stoo? Wewe? Wewe uliyenililia hospitali? Unajua nimehangaika na mafundi wangapi, na wauza tailizi, na wanao, na huyu dada yako? Unajua nimeitwa mwendawazimu? Sakafu inakushika, unapanda mwenyewe, huanguki, umepata ulichotaka, sasa unaniambia stoo? Una akili kweli? Yeye akanisubiri nimalize, kama tunavyomsubiri yeye.

Nilipokwisha kuishiwa maneno, akanyoosha mkono ule mzima, akaniwekea kiganja juu ya goti, juu ya gauni, juu ya kile kifundo cha kanga nilichodhani hakuna anayekijua.

"Magoti," akasema. Jasho likamtoka. Wifi aliacha kupima kitambaa. "Yako."

Nikataka kusema hapana. Nikataka kusema mimi sijambo, magoti yangu hayana neno, tupande. Nilifungua mdomo kabisa. Kilichokuja badala yake ni unafuu, mkubwa, wa mwili mzima. Nilifurahi. Mume wangu alikuwa anajipeleka mwenyewe stoo, na mimi nilifurahi. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, na sijui nimpelekee nani.

"Una uhakika?" nikamuuliza.

"Wote," akasema. Wote wawili, alimaanisha.

Wifi alimrudishia mteja chenji, akaingia stoo, akaanza kusukuma marobota ukutani peke yake, na nilipotaka kumsaidia akanizuia kwa mkono. Akapanda juu, akashusha godoro letu akiliburuza kwenye ile mistari. Akatandika. Mume wangu akaingia mle kwa miguu yake, shwaa, shwaa, akajilaza akitazama dari.

Nililala kando yake kidogo tu, ili nijue kama upande wangu kuna upepo unaoingia. Huko nje nilimsikia wifi anabishana bei na mtu. Nilitaka kumuuliza mume wangu kama anaogopa. Nikapitiwa na usingizi kabla sijamuuliza.